Eti mtoto mwoga? Mwacheni achungulie kwanza!

Naandika kutoka Shinyanga, mji wa vumbi na watu wakarimu. Leo nawaomba mabachela wasikimbilie ukurasa wa michezo, maana hii inawahusu na wao. Bachela wa leo ndiye baba wa kesho kutwa, na wengine ni baba tayari ila hawajaambiwa tu.

Nataka tuzungumze habari za wale watoto wetu wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu ambao kila kitu kipya kwao ni kasheshe. Mgeni akiingia, mtoto yuko nyuma ya kanga ya mama. Akipelekwa kwenye bethidei, wenzake wanagombania keki, yeye kang'ang'ania mguu wa mzazi kama kupe. Viatu vipya, kilio. Akipewa sato wakati kazoea dagaa, anafunga mdomo kama kabati la benki. Mtaani mtoto huyo ana jina moja tu: mwoga. Tukijitahidi sana tunamwongezea la pili: kadekezwa.

Mimi naona tunamwonea. Na sisemi hivi kwa kuwa nina huruma nyingi, maana walio karibu nami wanajua nina roho ngumu. Nasema kwa sababu mwaka huu nimekaa jirani na mtoto wa aina hiyo katika kipindi kigumu cha maisha yake, na nimeona jinsi watu wazima wenye akili zao timamu wanavyoweza kugombana, kununiana na karibu kuvunja nyumba kwa sababu ya kijitu kisichofika hata kiunoni.

Mtoto mwenyewe ni wa dada yangu. Kapewa jina la marehemu babu yetu, kwa hiyo nyumba nzima tunamwita Babu, na bibi yetu humwita mume wangu. Umri wake miaka miwili na miezi minne. Amezaliwa na kukulia hapa hapa Ngokolo katika nyumba ya wanawake watupu: bibi, mama, dada na mimi mama yake mdogo. Baba yake, shemeji yangu, yuko Katoro mkoani Geita kwenye machimbo madogo. Alikuwa anakuja kila baada ya miezi miwili mitatu. Akipata mshiko anakuja na zawadi, akikosa haji.

Mwaka huu dada akasema imetosha, anamfuata mumewe. Akachukua mkopo wake wa vikoba, akakodi kibanda cha chakula Katoro ili awauzie wachimbaji wali na ugali. Mipango mizuri kabisa. Isipokuwa hakuna aliyekaa chini kupiga hesabu ya Babu. Ndani ya wiki moja kijana amebadilisha nyumba, kitanda, choo, majirani na sauti za usiku, na analala chumba kimoja na mwanamume ambaye siku zote alimjua kama sauti ya kwenye simu. Wewe mwenyewe ukihamishwa kikazi tu kutoka Dar kwenda Geita unalalamika mwezi mzima!

Niliwasindikiza. Basi la kutoka Shinyanga unakwenda nalo hadi Usagara, pale unakunja kushoto kuelekea Kigongo, unavuka daraja jipya la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kisha Sengerema, kisha Geita. Lile daraja ni la kilomita kama tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria, na abiria wote walikuwa na shingo dirishani na simu mikononi. Babu kafukia uso kifuani kwa mama yake. Jamaa wa kiti cha jirani akacheka, akasema mtoto wa kiume gani huyo anaogopa maji yaliyo chini ya lami. Tukavuka, tukaiacha Busisi, tukafika Sengerema. Basi limesimama, watu wananunua mahindi ya kuchoma, ndipo Babu akainua kichwa na kuuliza: "Maji wapi?"

Hebu litazameni hilo swali. Mtoto aliyaona maji. Aliyachungulia kwa jicho moja kutoka mafichoni, akayatafakari njia nzima, na sasa yuko tayari kuyaona vizuri, ila basi limeshamwacha nyuma. Hivyo ndivyo watoto hawa walivyo. Wanafika, lakini wanafika kwa saa yao.

Sasa nisikilizeni, maana nilifuatilia hili jambo na kukuta kwamba wataalamu wamelihangaikia muda mrefu. Mwaka 1956 kule New York, mume na mke waliokuwa madaktari wa akili, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 130 kuanzia uchanga mpaka ukubwani. Wakakuta watoto huzaliwa kila mmoja na tabia yake. Kama 40 katika kila 100 ni wepesi, unawaweka popote. Kama 10 ni wagumu wa kila kitu. Na kama 15 hivi ni wazito wa kuzoea: hawana ubaya, hawana ukorofi, ila kila kipya lazima kwanza warudi nyuma hatua mbili. Waliobaki ni mchanganyiko. Fikirini basi la alfajiri pale stendi. Dereva hapandi tu na kuondoka. Anawasha, anaacha lingurume, anakunywa chai yake, halafu ndiyo twende. Hakuna abiria anayeliita basi hilo woga.

Baadaye Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard akaenda mbali zaidi. Alikuwa anachukua watoto wa miezi minne tu, anawaonyesha vitu vinavyoning'inia na kucheza cheza mbele ya macho yao, anawasikilizisha sauti ngeni. Kama mmoja kati ya watano walirusha mikono na miguu na kulia sana, na wengi wa hao ndio waliokuja kuwa waangalifu walipofika miaka miwili. Miezi minne, jamani! Mtoto wa miezi minne kadekezwa saa ngapi?

Lakini kuna sehemu moja ya kazi ya Kagan na wenzake ambayo itawauma akina bibi. Walikuta kwamba wale watoto ambao mama zao waliwakinga na kila kitu, wakilia kidogo tu wanabebwa na kuondolewa, walibaki waoga zaidi kuliko wale ambao mama zao waliwaacha wahangaike kidogo huku wako karibu. Nilipomsomea bibi yetu hilo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huyo mzungu ameshawahi kulea. Bibi ndiye bingwa wa "mtoeni huyo mtoto, hamwoni analia?" Nampenda, ila kwa hilo tunatofautiana.

Tumwache bibi, twende kwa shemeji, maana kule ndiko moto ulikowaka.

Katoro kuna karasha. Kwa wale wa Kariakoo ambao dhahabu mnaiona shingoni mwa watu tu, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Inapiga kelele kiasi kwamba watu wazima wanaongea kwa mikono, na vumbi lake linawageuza watu weupe kama wametoka kumwagiwa unga wa muhogo. Siku ya tatu tangu tufike, shemeji akambeba Babu mpaka pale. Akamwinua juu juu kabisa mbele ya mashine ili aone vizuri. Mawazo yake yalikuwa mazuri: mtoto wa kiume azoee, hii ndiyo ofisi ya baba yake.

Babu alilia mpaka akatapika. Na kuanzia hapo, siku tano nzima, shemeji akiingia chumbani mtoto anatoka. Shemeji akinyoosha mkono, mtoto anajificha. Chakula akimpa baba, hali. Shemeji akasema tumemharibu sisi, nyumba ya wanawake watupu, tumemlea kama yai. Dada akasema nyumba hiyo ya wanawake ndiyo iliyomlisha wakati yeye yuko chini ya ardhi hana hata vocha. Mmeshaelewa usiku huo ulikuwaje.

Ila niwaambieni ukweli, nilimwonea huruma shemeji. Mtu anashuka kwenye duara, shimo refu lenye joto na giza, anasema nafanya hivi kwa ajili ya mwanangu. Halafu mwanawe anamkimbia mbele ya majirani. Lile neno mwoga lilimtoka mdomoni lakini lilikuwa la kufichia uchungu.

Sasa basi, hapa ndipo ninapowaleta kwa mama mmoja ambaye nashangaa hatusimuliwi habari zake, maana alifanya kazi yake hapa hapa jirani. Anaitwa Mary Ainsworth. Mwaka 1954 alifika Uganda na mumewe aliyepata kazi Makerere, na kuanzia hapo mpaka 1955 akawa anatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, na mkalimani wake, anakaa sebuleni na akina mama wa Kiganda akiangalia watoto wachanga tu. Hana mashine, hana maabara. Alichokiona akakiandika katika kitabu kilichotoka 1967. Mtoto anayejua kutambaa anamwacha mama yake, anakwenda kuchezea kitu, anageuka kumtazama mama, anarudi kumshika goti, anakwenda tena, safari hii mbali zaidi kidogo. Akiingia mgeni anakimbilia kwa mama kwanza, halafu kutoka pale pale kwa mama anaanza kumchunguza mgeni. Ainsworth akasema mama ndiye kituo ambacho mtoto anatokea ili auone ulimwengu. Mtoto mwenye uhakika wa kituo anakwenda mbali. Asiye na uhakika anaganda. Vitabu vya malezi vya Ulaya na Marekani vinafundisha jambo hili mpaka leo, na lilionekana kwanza kwa watoto wa Kiganda!

Na sisi tulikuwa nalo siku zote, linaitwa mbeleko. Mtoto akiwa mgongoni anaona soko, anaona ng'ombe, anaona ugomvi wa walevi, yote kutoka juu ya bega la mama, na akichoka analaza shavu. Hakuna anayemlazimisha asalimiane na ng'ombe. Tatizo letu linaanza siku anaposhushwa mgongoni. Tunamtaka awe mkubwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nikamwomba shemeji wiki moja. Nilitumia uongo kidogo wa kisiasa, nikamwambia mtoto anatakiwa kuanza kozi ya uchimbaji kwa ngazi. Kuna mwembe uko mbali na lile karasha, mahali ambapo kelele inasikika kama basi linalopanda mlima. Siku ya kwanza mimi na Babu tukakaa pale chini na michembe yetu, tukila. Akaziba masikio. Sikumtoa vidole masikioni na sikumwambia usiogope, maana mtu akikwambia usiogope unajua lazima kuna kitu. Nilimwambia tu: "Lile ni karasha. Linapiga kelele. Linavunja mawe. Haliji huku." Basi, tukaendelea na michembe.

Siku ya pili shemeji akaja pale mwembeni akitoka kazini, nikawa nimeshamweka sawa: usimshike, usimwite, kaa tu. Akakaa, kimya, mweupe kwa vumbi, akamenya karanga zake. Nadhani hiyo ilikuwa kazi ngumu kwake kuliko duara. Siku ya tatu akaja na jiwe dogo kutoka shimoni, jiwe tupu ambalo halijakutana na zebaki wala dawa yoyote, akaliweka chini katikati yao, akatazama pembeni. Babu akalitazama jiwe mpaka tukarudi nyumbani. Siku ya nne akaliokota. Siku ya tano akaligonga na jingine, akasema "guguu!" Shemeji akacheka mpaka akakohoa, na Babu akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mashine. Hakwenda kumkumbatia, msidhani hii ni filamu. Alimpa jiwe moja tu, akabaki na lake.

Kuna dada mmoja nilimsimulia hayo akaniambia nina muda mwingi. Siku tano kwa ajili ya karasha! Nikamuuliza, na zile siku tano ambazo mtoto alimkimbia baba yake baada ya kulazimishwa, hizo hazihesabiwi?

Sasa tuje kwenye shikamoo, maana najua hili linawachoma wengi. Usukumani salamu si jambo la kupita njia. Mtu anasimama, mwangaluka, habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mifugo. Mzee kaingia ndani, ukoo mzima umekaa, na mtoto anasukumwa katikati kama mshitakiwa: "Msalimie babu. Sema shikamoo. We! Sema shikamoo! Huyu mtoto leo vipi?" Macho kumi na mawili yanamtazama. Hata mimi mwenye cheti changu cha kidato cha nne ningesahau jina langu.

Salamu ni heshima na mtoto lazima ajifunze, sibishani na hilo. Lakini wewe mzazi msalimie mzee kwanza, vizuri, mtoto akiwa amekushika, aone inavyofanywa. Kisha sema kwa upole, "na mjukuu wako naye anakuamkia, ila bado anachungulia." Nimeona wazee wengi wakiambiwa hivyo, hawakasiriki kabisa. Wanaokasirika ni sisi wazazi kwa kuona aibu. Mzee akishamaliza maziwa yake, mtoto mwenyewe atakuwa yuko magotini kwake anachezea fimbo. Na ninyi washikaji mnaomrusha mtoto wa watu juu siku ya kwanza kukutana naye, acheni. Si mchezo kwake, ni ajali.

Halafu kuna hili la "mpe anko mkono, mkumbatie, mbusu". Hapa naomba tuwe makini zaidi, hasa sisi wa kanda hii. Tunatoka kwenye miaka ambayo watoto wenye ualbino walikuwa wanawindwa, kuanzia 2007 na kuendelea. Kituo cha Buhangija hapa Shinyanga kilijaa watoto waliokimbizwa makwao ili waishi. Februari 2015 wilayani Chato, si mbali na Katoro, mtoto ambaye hajafika hata miaka miwili alinyang'anywa mikononi mwa mama yake na kuuawa. Kwa hiyo mtoto anayekataa kwenda mikononi mwa mtu asiyemjua, mimi simwiti mwoga, na sitamlazimisha aache. Mfundisheni kupunga mkono, inatosha.

Na tusisahau ardhi tunayokanyaga. Kwenye maeneo ya machimbo kuna maduara yaliyoachwa wazi, kuna mabeseni ya zebaki, kuna malori. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kutembelea machimbo madogo ya Chunya, Geita na Kahama, likakuta watoto hata wa miaka minane wanashuka mashimoni na kushika zebaki kwa mikono. Hao ni watoto walioambiwa wasiogope. Babu wetu akifika kwenye ardhi iliyochimbwa anasimama na kutazama chini kabla ya kuweka mguu. Dada analalamika kwamba anamchelewesha. Mimi nilimwambia amwombee aendelee hivyo hivyo. Hata karasha lenyewe sitaki alizoee mpaka alikaribie, vumbi la mawe halifai kwa mapafu yake. Nilitaka amzoee baba yake.

Kuna hofu nyingine lakini tunaipika wenyewe jikoni, na hii inaniudhi kweli. "Nyamaza, nitamwita daktari akuchome sindano." "Kula, la sivyo mzungu atakuchukua." "Lala, polisi anapita." Halafu mwezi wa kumi na nane unampeleka kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubella, unashangaa anapanda ukutani! Si ndiye yule yule daktari uliyemtishia naye kila jioni? Mwambie ukweli njiani: utachomwa, utaumia kidogo, nitakushika, halafu tunakwenda nyumbani. Atalia. Lakini atakuwa amelia na mtu aliyemwambia kweli. Na simu ya kumpumbaza nayo msiikimbilie kila mara. Mtoto anayetazama katuni wakati wa kila jambo jipya hajaliona hilo jambo, na safari ijayo litakuwa jipya tena.

Sasa kilichokuwa kigumu kuliko vyote: kituo cha kulelea watoto mchana. Dada hakuwa na ujanja. Kibanda kinafunguliwa alfajiri, mafuta yanachemka, mtoto hawezi kukaa pale. Siku ya kwanza mlezi akamwambia dada mpe biskuti, akigeuka ondoka. Ndivyo wanavyofanya wengi. Dada akatoroka. Babu alilia mpaka saa sita, na kuanzia jioni ile hata mama yake akienda chooni anamfuata na kulia mlangoni. Siku mbili dada hakufungua kibanda. Siku ya tatu alifungua akiwa naye mgongoni, wali ukaungua, na mchimbaji mwenye njaa hasubiri, anavuka barabara kwa mama mwingine. Marejesho ya vikoba hayajui kwamba mtoto analia. Usiku dada akaniambia labda amrudishe tu Ngokolo kwa bibi. Yaani mtoto arudi, na ndoa nayo ibaki kwenye simu kama zamani.

Tulirudi kwenye kituo kile kile na kumwomba mlezi mwingine, mama mtu mzima, aturuhusu kukaa. Siku tatu mimi au dada tulikaa naye saa moja, tunaondoka naye. Alikaa mlangoni tu, mgongo ukutani, akitazama wenzake. Hakuna aliyemvuta. Siku ya nne dada akamwachia kanga yake, akachuchumaa, akamwambia: "Nakwenda. Ukimaliza uji, narudi." Mtoto hajui saa nne ni nini ila uji anaujua. Akalia, ndiyo, akalia vizuri tu. Dada akaondoka kwa kumuaga, bila kutoroka, na uji ulipokwisha alikuwa amesimama pale, jasho linamtoka, ameacha sufuria kwa jirani. Siku iliyofuata tena. Wiki ya pili akasogeza kutoka uji mpaka chakula cha mchana. Ukisema narudi ukishakunywa uji, rudi uji ukiisha, hata kama mteja ana noti ya elfu kumi mkononi. Hapo hakuna masihara.

Na kama kituo hakitaki kabisa mzazi akae hata siku moja, mimi ningetafuta kingine. Kiulizeni pia kama kimesajiliwa, ofisi za ustawi wa jamii ndizo zinazohusika. Serikali yenyewe Desemba 2021 ilizindua programu ya kitaifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali kwa watoto mpaka miaka minane, kwa hiyo msione haya kuuliza maswali, si udaku.

Jambo moja la kuangalia. Uzito wa kuzoea ni wa ugenini. Nyumbani mtoto huyo anaongea, anacheka, anasumbua, anakuonyesha vitu kwa kidole. Kama hata nyumbani haitikii akiitwa jina, hakutazami usoni, haonyeshi kitu kwa kidole, au amefika miaka miwili hana maneno, msikae kusema atazoea. Mpelekeni kituo cha afya wakamtazame masikio na mengine.

Nimerudi Ngokolo, na bibi ananiuliza kila siku lini mume wake atakuja kumsalimia. Shemeji alipiga simu Jumapili. Anasema Babu bado anakaa karibu na mlango kule kituoni, haimbi na wenzake, ila nyumbani jioni anaziimba zile nyimbo zote tangu mwanzo mpaka mwisho huku anagonga mawe. Na kila saa kumi na moja anamvuta baba yake suruali wakatazame guguu. Wanakwenda mpaka pale mwembeni. Hapo Babu anakaa chini, na shemeji naye anakaa.